Maswali ya Wasomaji: Miwani ya Urembo Kazini

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: kuvaa miwani ofisini wakati macho hayana shida yoyote. Wanaojibu ni mtaalamu wa kupima macho na mshauri wa masuala ya ajira wa safu hii.

Nina miaka 25, nimeajiriwa benki karibuni na nina sura ya kitoto. Wateja wananiita "mdogo wangu", kisha wanaomba kuonana na mkubwa wangu. Rafiki yangu ananishauri nivae miwani ya urembo. Itanisaidia, au nitajichoresha?
*Afisa mikopo, Dodoma*

Itakusaidia dakika za mwanzo, na dakika za mwanzo si haba kwa mtu anayepokea wateja wapya kutwa nzima. Ila ujue inaishia wapi.

Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Michael Argyle na Robert McHenry, waliwaonyesha watu sura za wenzao, wengine wakiwa na miwani, wengine bila. Walioona sura kwa sekunde 15 tu walimkadiria mvaa miwani kuwa na akili zaidi, kwa tofauti ya zaidi ya pointi 10 za IQ. Walipomwona mtu huyo akizungumza kwa dakika 5, tofauti ikafutika kabisa. Kwa hiyo mteja akikaa kitini, miwani inakuombea nafasi ya kusikilizwa. Akikuuliza riba ya mwaka na makato ya mwezi, halafu ukaanza kuhangaika kwenye kompyuta, miwani haina la kusema tena.

Aina ya fremu nayo ina uzito wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 2011 waliona kwamba miwani ya aina zote iliifanya sura ionekane ya mtu mwenye akili na mafanikio, lakini ile isiyo na fremu kuzunguka lenzi ndiyo iliyoongeza kuaminika. Kwa mtu wa mikopo, kuaminika ndiyo mtaji. Chagua fremu nyembamba ya chuma au isiyo na ukingo. Zile nyeusi nene zinazofunika nusu ya uso ziachie siku za sherehe. Kwa mwenye sura ya kitoto zinamfanya aonekane mtoto aliyevaa miwani ya babu.

Usitegemee pia kwamba matokeo ya Ulaya yatajirudia kila mahali. Utafiti mwingine wa wanasaikolojia uliangalia wagombea wa siasa: miwani iliwafaa mbele ya wapiga kura wa Marekani, lakini kwa wapiga kura wa India haikuwafaa. Kwetu kuna la ziada, nalo utalikuta asubuhi ya kwanza: "Pole, macho yamekuwaje?" Pole hiyo ndiyo mtego wenyewe. Ukijibu "yananisumbua kidogo", umeanzisha uongo utakaoulea mwaka mzima. Kesho utaulizwa umepimwa wapi, keshokutwa kuna atakayekuomba umwelekeze kwa daktari wako. Jibu fupi linatosha: "Hapana, nimependa tu fremu." Watacheka siku moja, yataisha.

Ukishaamua kuvaa, vaa kila siku ya kazi kuanzia Jumatatu, usivae leo kesho ukaacha. Watu hawamshangai anayevaa miwani. Wanamshangaa anayeivaa kikaoni na kuivua kantini.

Kuna jamaa ofisini ametinga miwani ghafla na anadai macho yake ni mabovu sana. Sisi tunahisi ni geresha. Mtu anaweza kujua bila kumwomba aivue?
*Wenye mashaka, Kahama*

Anaweza. Mtazameni kwa pembeni kidogo, muangalie mstari wa shavu na kipaji unavyoonekana ndani ya lenzi. Kwa asiyeona mbali, mstari huo unaingia ndani, kana kwamba uso umekatwa ngazi, na macho yanaonekana madogo. Kwa anayevaa lenzi za kukuza, macho yanakuwa makubwa na mstari unatoka nje. Kwenye lenzi ya sifuri, yaani isiyo na nguvu yoyote, mstari unapita moja kwa moja. Ila mwenye nguvu ndogo, tuseme -0.50, anaonekana vilevile kama mwenye sifuri, kwa hiyo msimhukumu.

Mkishajua, mfanye nini? Hamna la kufanya. Ni uso wake. Labda tu awe anatumia macho hayo "mabovu" kukwepa zamu au kudai fedha za matibabu. Hapo ni suala la idara ya rasilimali watu, na wao wataomba cheti cha kipimo.

Nimenunua miwani barabarani. Muuzaji ameniapia ni ya urembo tu. Nitahakikishaje haina nguvu? Naogopa kuharibu macho.
*Mwalimu, Kisumu*

Ondoa hofu kwanza: lenzi ya sifuri haiharibu macho. Hata lenzi yenye nguvu isiyo yako haimharibu mtu mzima jicho. Itakupa ukungu, kichwa kuuma na kizunguzungu, na ukiivua yanaisha. Lakini huna sababu ya kuyabeba hayo kutwa nzima darasani.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Simama mita tatu hivi kutoka kwenye mlango au dirisha lenye mistari iliyonyooka. Funga jicho moja. Shika miwani kwa mkono ulionyooshwa na utazame ukingo wa mlango kupitia lenzi moja. Sogeza miwani taratibu kulia na kushoto, kisha juu na chini. Mstari wa ndani ya lenzi ukibaki umeungana na ule wa nje, lenzi ni sifuri. Ukikimbilia upande ule ule unaosogeza miwani, hiyo ni lenzi ya hasi, ya wasioona mbali. Ukikimbilia upande wa pili, ni ya chanya, na mara nyingi hii ndiyo inayouzwa kimakosa kama ya urembo, maana miwani ya kusomea ya +1.00 imejaa mitaani.

Halafu izungushe miwani kama usukani wa gari, huku ukitazama mstari ule ule. Ukiona mstari unapinda ndani ya lenzi kama mkasi unaofunguka, kuna nguvu ya astigmatizimu, yaani ya kurekebisha jicho ambalo uso wake haujapinda sawasawa pande zote, na hiyo miwani ilitengenezwa kwa ajili ya mtu fulani. Rudia kwa lenzi ya pili. Msidhani zote mbili lazima zifanane.

Njia hii inaweza kukosa nguvu ndogo sana. Ukitaka uhakika, ipeleke duka lolote la miwani waiweke kwenye mashine ya kusomea lenzi. Ni kazi ya dakika moja, na unataka kuona 0.00 pande zote mbili.

Fremu niliyonunua dukani ilikuja na lenzi zenye maandishi. Niliyafuta kwa spiriti, sasa naivaa hivyo hivyo. Mbona kwenye picha za ofisi macho yangu hayaonekani, ni mwanga mtupu?
*Afisa uhusiano, Dar es Salaam*

Kwa sababu hizo si lenzi za kuvaa, dada. Ni plastiki ya maonyesho, kazi yake ni kuishikilia fremu isipinde ikiwa rafuni. Ni nyembamba, inakwaruzika kwa kuguswa na kitambaa kikavu, uso wake haukusawazishwa kwa ajili ya kuonea, na haina tabaka la kuzuia mng'ao.

Tabaka hilo ndilo unalolikosa. Plastiki ya kawaida ya lenzi hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande, kwa hiyo kama asilimia 8 kwa lenzi nzima. Polikaboneti, plastiki ngumu zaidi, hurudisha zaidi kidogo. Inasikika ndogo, lakini flashi ya kamera au taa ya dari ikipiga hapo, macho yanapotea. Lenzi yenye tabaka zuri hurudisha chini ya asilimia 1 au 2, na utaitambua kwa kivuli cha kijani au zambarau ukiinamisha chini ya taa.

Rudi dukani na fremu yako, sema: "Nataka lenzi za sifuri, zenye tabaka la kuzuia mng'ao na la kuzuia mikwaruzo." Huhitaji cheti. Lenzi za sifuri ni za bei ya chini kuliko za nguvu, na maduka mengi huwa nazo stoo. Kitakachokugharimu zaidi ni tabaka, na hapo usibanie.

Kuna wanaotoa lenzi kabisa wakavaa fremu tupu, kama wachezaji wa kikapu wa NBA walivyofanya kwenye mikutano ya waandishi mwaka 2012. Kwenye burudani inapendeza. Kikaoni, mtu atakaponyoosha mkono kukuonyesha kitu na kidole kikapita katikati ya miwani yako, hutakuwa na la kujitetea.

Tangu nianze kuvaa miwani ya urembo kazini, kichwa kinauma kila jioni. Niache?
*Karani wa mahakama, Mbeya*

Usiache kabla ya kujua kosa ni la nani, maana kuna washukiwa wanne: fremu, lenzi, macho yako, na kitu kisichohusiana na miwani kabisa.

Anza na fremu. Toa lenzi zote mbili (fremu ya plastiki husukumwa kwa dole gumba kutoka nyuma, ya chuma hulegezwa skrubu ya pembeni) uvae fremu tupu siku mbili, nyumbani ukiona aibu. Kichwa kikiendelea kuuma, fremu inabana. Kagua nyuma ya masikio na pembeni mwa paji la uso: ukikuta alama nyekundu au mfereji kwenye ngozi, umepata jibu.

Ndani ya mkono wa fremu kuna namba tatu, mfano 52-18-140. Ni milimita: upana wa lenzi moja, nafasi ya pua kati ya lenzi, na urefu wa mkono. Wengi wananunua kwa kutazama rangi tu. Kwa pua pana au isiyoinuka sana juu, kama zetu wengi, nafasi ya pua ya 16 itabana na kuacha madoa. Tafuta 18 hadi 21, au fremu ya chuma yenye vidude vya silikoni vya puani vinavyoweza kurekebishwa. Upana wa fremu nzima uwe sawa na upana wa uso usawa wa macho, na mboni zikae katikati ya lenzi au zielekee kidogo puani. Cheka mbele ya kioo. Miwani ikipanda, inakalia mashavu.

Mikono inayobana hurekebishika. Ya plastiki hupashwa moto kidogo, kwa maji ya moto yasiyochemka au mashine ya kukaushia nywele, nusu dakika hivi, kisha hupanuliwa taratibu na kushikiliwa mpaka ipoe. Ukiikunja baridi itavunjika. Lenzi zitolewe kwanza, kwa sababu joto hupasua tabaka la kuzuia mng'ao likawa kama utando wa buibui. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayoharibu miwani inayoachwa kwenye dashibodi ya gari juani. Ukiwa huna uhakika, duka la miwani litakurekebishia, mara nyingi bure.

Fremu tupu isipouma, mshukiwa ni lenzi: ama haina usawa, ama si sifuri. Ipime kama tulivyomweleza mwalimu wa Kisumu. Na kichwa kikiuma hata siku ambazo hukuvaa chochote, kapime macho na shinikizo la damu. Huenda uliivaa miwani ya urembo wiki ile ile ambayo macho yako yalianza kudai ya kweli.

Kazini tumeuziwa miwani ya "mwanga wa buluu" ya kutukinga na kompyuta. Haina namba. Inafanya kazi?
*Mhudumu wa kituo cha simu, Nairobi*

Kama urembo, ndiyo. Kama kinga ya uchovu wa macho, ushahidi haupo. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 17 kutoka nchi sita, na hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Skrini inatoa mwanga wa buluu kidogo sana ukilinganisha na anga la mchana.

Macho yanachoka kwa sababu hamupepesi. Mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikodolea skrini idadi hushuka sana, machozi yanakauka, na kiyoyozi kinamalizia. Weka skrini umbali wa sentimita 50 hadi 70, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Geuza kiti ili kiyoyozi kisikupulize usoni. Fedha ya miwani itumieni kwa vipimo vya macho.

Nina usaili kwa video wiki ijayo na nataka kuvaa miwani. Kila nikijaribu, lenzi zinaonyesha skrini nzima.
*Mhitimu, Mombasa*

Punguza mwangaza wa skrini na utumie mandhari nyeusi. Ukurasa mweupe ndio unaong'aa zaidi kwenye lenzi. Taa isiwe nyuma ya kompyuta. Iweke pembeni na juu ya kichwa, kama saa nne au saa nane kwenye uso wa saa ya ukutani ukiwa wewe ndiye katikati. Inua kompyuta kwa vitabu hadi kamera ifike usawa wa macho. Kisha nyanyua ncha za mikono ya miwani nyuma ya masikio kidogo tu, milimita tano hivi, ili lenzi ziiname chini na mng'ao ushukie mezani. Jirekodi dakika moja utazame. Mng'ao usipoisha, vua. Msaili asiyeyaona macho yako hapati ule wasifu mzuri uliotaka miwani ikupe.

Meneja wa hoteli amewaambia wasichana wa mapokezi tusivae miwani, eti inatufanya tuonekane wakali. Wavulana hawajaambiwa. Yangu ni ya urembo, ya mwenzangu ni ya daktari.
*Mapokezi, Arusha*

Meneja wenu hayuko peke yake duniani, na hilo si sifa. Mwaka 2019 Japani iliwaka moto mitandaoni baada ya kufichuka kwamba baadhi ya waajiri walikuwa wanawakataza wanawake kuvaa miwani, wakiwemo wa mapokezi, kwa madai kwamba sura inakuwa ya baridi. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2018, mtangazaji Im Hyeon-ju wa kituo cha televisheni cha MBC, Korea Kusini, alisoma taarifa ya habari ya asubuhi akiwa na miwani, na ikawa habari yenyewe, kwa kuwa watangazaji wa kike hawakuwa wakifanya hivyo. Tazama mgongano: fremu ile ile inayomwongezea mwanamume heshima, kwa mwanamke inaitwa ukali.

Mambo yenu mawili yatenganisheni. Mwenzako alete cheti cha kipimo na aombe kwa maandishi. Mwajiri hana haki ya kumfanyisha mtu kazi akiwa haoni. Wewe wa urembo una hoja nyembamba, kwa sababu mwajiri anaruhusiwa kuweka utaratibu wa mavazi. Lakini utaratibu unaowabana wanawake pekee ni ubaguzi wa jinsia, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaukataza. Ombeni agizo hilo kwa maandishi, mkiwa wawili, kwa lugha ya upole. Maagizo ya aina hii mara nyingi hufa yanapotakiwa kuandikwa.

Fundi mwenzangu anatumia miwani yake ya fasheni kusagia vyuma. Anasema miwani ni miwani.
*Gereji, Mwanza*

Mwambie aache leo. Lenzi ya urembo inaweza kupasuka na vipande vikaingia jichoni pamoja na cheche, na pembeni iko wazi. Miwani ya kinga imeandikwa alama ya kiwango cha usalama, kama Z87 ya Marekani au EN 166 ya Ulaya, kwenye lenzi au mkono, na ina ukuta wa pembeni. Isiyo na alama hiyo haisagiwi chuma.

Habari zenu wanangu. Nina miaka 46, ni mhasibu. Kwa miaka mitatu nimevaa miwani ya urembo na ofisi nzima inajua hivyo. Sasa tarakimu zinacheza, karatasi naishika mbali. Naona haya kubadilisha.
*Mama wa hesabu, Tanga*

Shikamoo mama. Hakuna wa kujua, na hiyo ndiyo faida ya kuwa umeshazoeleka. Peleka fremu hiyo hiyo, lenzi zibadilishwe tu.

Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu, haikunjiki tena kutazama karibu, kwa kila binadamu. Hasara yake ni ya mfukoni: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachumaji chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi walipopewa miwani ya karibu, tija yao ilipanda kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kama majani ya chai yanadai macho, vitabu vya hesabu je?

Usinunue ya mtaani kwa kukisia. Kabla hujaenda, chukua futi upime vitu viwili ukiwa umekaa kawaida mezani kwako: kutoka jichoni hadi kwenye daftari, na kutoka jichoni hadi kwenye skrini. Mara nyingi ni sentimita 40 na 60. Mpe mpimaji namba hizo zote mbili, kwa sababu lenzi iliyopimwa kwa daftari itaifanya skrini iwe na ukungu. Kama unabadilishana kati ya hivyo viwili siku nzima, muulize lenzi za kazi za ofisini zenye nguvu mbili zinazopandana bila mstari. Mwombe pia apime umbali kati ya mboni zako akiwa na fremu yako usoni pako, siyo kwa kukisia, na akague kama kina cha lenzi kuanzia juu hadi chini kinatosha. Fremu fupi sana haipokei lenzi hizo, na ikiwa hivyo, hapo ndipo utakapolazimika kununua nyingine.